Meno yanalika na tindikali: kabla hujakimbilia kuvishwa kofia, pita hapa

DaktariWaKiti

Wakuu, salaam.

Mimi ni daktari wa kinywa na meno, niko kliniki ya kawaida tu hapa Dar. Kuna mgonjwa wa aina moja nakutana naye sana siku hizi, ndiyo maana nimefungua huu uzi. Ni kijana, mara nyingi hajafika hata miaka 35. Meno hayana tundu. Mswaki anapiga asubuhi na usiku bila kukosa. Lakini maji ya friji hawezi, barafu ndiyo kabisa, na akila embe bichi meno yanaingia ukakasi siku nzima. Akifungua kinywa, meno ya mbele yamefupika na kingo zake zinapitisha mwanga, rangi imeelekea njano, na kwenye vichwa vya magego kuna vishimo laini, kana kwamba mtu amechota na ncha ya kijiko. Kama aliwahi kuzibwa jino, ile dawa ya kuzibia imebaki imesimama juu, jino lenyewe limeshuka pembeni yake. Nikiona hilo la mwisho sina haja ya kuuliza mara mbili.

Huku siko kutoboka tulikozoea. Jino linapotoboka, bakteria wanakula sukari, wanatoa tindikali, na tindikali hiyo inachimba sehemu moja chini ya utando wa bakteria mpaka tundu linatokea. Hapa bakteria hawahusiki. Tindikali inakuja ikiwa tayari, ama kutoka kwenye glasi ama kutoka tumboni, na inaosha uso wote wa jino. Ndiyo maana kupiga mswaki vizuri hakumwokoi mtu huyu: jino safi ndilo linaloguswa moja kwa moja.

Enameli, lile tabaka gumu la nje, ni madini kwa takriban asilimia 96 ya uzito wake. Hakuna kitu kigumu kuizidi mwilini. Unene wake kwenye vichwa vya magego ni hadi milimita 2.5 hivi, shingoni mwa jino inabaki nyembamba sana. Tatizo ni kwamba haina chembe hai. Zile zilizoijenga zilikufa jino lilipochomoza. Mfupa ukivunjika unaunga, ngozi ikikatika inafunga, enameli ikiondoka imeondoka. Chini yake kuna dentini, ya njano, laini zaidi, yenye vijitundu vinavyoelekea kwenye mshipa. Baridi ikigusa hapo, majimaji ndani ya vijitundu yanasogea na wewe unaruka kwenye kiti.

Enameli huanza kuyeyuka pH (kipimo cha tindikali, namba ikishuka ukali unapanda) ikishuka chini ya 5.5 hivi. Soda ya kola iko karibu na 2.5. Juisi ya limau ni kati ya 2 na 2.6. Kwa wasiokumbuka kemia ya sekondari, kila namba moja ya pH ni mara kumi, kwa hiyo kutoka 5.5 mpaka 2.5 ni tindikali kali mara elfu moja. Mate yapo kwa ajili hiyo, yanaizimua na kurudisha madini kidogo kidogo, lakini yanahitaji nafasi. Glasi moja ya juisi ya ukwaju ukiimaliza na chakula, mate yataimudu. Chupa hiyo hiyo ukiikokota toka saa tatu asubuhi mpaka saa nane mchana, funda moja kila dakika kumi, mate hayapati nafasi kabisa. Ninaowaona mimi wengi si wanywaji wa kupindukia. Ni wakokotaji.

Wanakokota nini? Maji ya moto na ndimu ya kukata kitambi. Siki ya tufaha. Vinywaji vya enaji. Ukwaju, ubuyu, malimao ya chumvi na pilipili ya kumung'unya. Vitamini C za kutafuna, ambazo watu walizizoea ule mwaka 2020 wa korona, ndimu na tangawizi, na wengine hawajaacha mpaka leo.

Kuhusu matibabu, nitasema jambo moja halafu niwaachie maswali. Tiba ya kwanza ni kutafuta tindikali inatoka wapi. Si kofia (kifuniko cha jino zima), si vinia (gamba jembamba la kufunika uso wa mbele), si dawa ya meno ya bei mbaya. Ukijenga jino juu ya tindikali ambayo haijazuiwa, utalijenga tena.

---

Roli la Tunduma

Mkuu umenichora mimi. Safari ya Dar mpaka Tunduma siendi bila enaji, naweka pale kwenye kishikio nanyonya taratibu nisisinzie. Lakini nilishahamia ile isiyo na sukari baada ya kuambiwa kuhusu kisukari. Si inakuwa salama kwa meno?

---

DaktariWaKiti

Mkuu, kwa kutoboka umepunguza hatari kweli. Kwa kulika hujapunguza chochote. Kinachokula enameli pale ni asidi ya sitriki, kwenye kola ni asidi ya fosforasi, na zote zimo kwenye chupa isiyo na sukari kama zilivyo kwenye yenye sukari.

Halafu kuna la dereva hasa. Unakaa kwenye joto, hunywi maji ya kutosha ili usisimame ovyo njiani, mdomo unakauka. Mdomo mkavu hauna mate ya kuzimua kitu. Ukitaka kuendelea na hiyo chupa, inywe yote mara moja ukiwa umesimama unakula, ukimaliza sukutua na maji, kisha tafuna bigijii isiyo na sukari. Bigijii inaleta mate. Kwenye kishikio weka maji.

Na usingizi una dawa yake mkuu, inaitwa kulala.

---

mama_Chumbageni

Daktari habari za kazi. Nina mimba ya miezi minne, natapika kila siku tangu mwezi wa pili. Nikimaliza kutapika napiga mswaki haraka kwa sababu ya harufu. Sasa meno ya juu kwa ndani nikiyapitishia ulimi nayaona laini sana, si kama zamani. Na nikiri tu, udongo nakula.

---

DaktariWaKiti

Pole sana mama, na hongera.

Tindikali ya tumbo ni kali kuliko vinywaji karibu vyote nilivyotaja, pH yake ni 1 mpaka 2. Inapopanda inagonga upande wa ndani wa meno ya juu ya mbele, hapo hapo ulipogusa na ulimi. Ule ulaini ni zile alama ndogo ndogo za asili za enameli zinazofutika.

Ukimaliza kutapika, mswaki uweke kando. Jino muda huo limelainika juu, brashi inalikwangua. Chukua glasi ya maji, koroga nusu kijiko cha chai cha bekingi soda, ile ya maandazi, sukutua na uteme. Harufu ikikusumbua, paka dawa ya meno kwa kidole. Mswaki utapiga baadaye. Dawa ya meno yenye floraidi haina shida kwa mjamzito.

Ila tafadhali isiwe magadi. Najua yanapatikana kila duka na watu wanayaita soda. Si kitu kile kile.

Udongo una chembe za mchanga, na jino lililolainika likisagana na mchanga linaondoka haraka. Zaidi ya meno, hamu ya udongo mara nyingi inatembea pamoja na upungufu wa damu. Kliniki ya wajawazito waambie hivyo hivyo ulivyotuambia sisi, wakupime damu. Hawatakucheka, wanasikia hilo kila siku.

---

Tabasamu Jeupe Store

Mnatisha watu bure. Mimi nauza poda ya mkaa na nina mchanganyiko wa limau na bekingi soda, wateja wangu wanang'aa, ushuhuda upo. Bibi zetu walisugua mkaa na walikufa na meno yao yote. Daktari anataka muende kwake mkalipe.

---

DaktariWaKiti

Kaka, tujibizane kwa amani.

Bibi zetu walisugua mkaa, kweli. Hawakuwa na soda kwenye jokofu wala siki ya tufaha. Mkaa unakwaruza. Kwenye enameli nzima utakwaruza kidogo, kwenye enameli iliyolainishwa utakwaruza sana. Hiyo ya limau ni mbaya zaidi kwa sababu unalainisha na kukwangua kwa mpigo mmoja. Siku za mwanzo jino linang'aa kwa kuwa umeondoa madoa ya chai pamoja na tabaka lililoyashika. Ukiendelea, enameli inakonda, dentini inaanza kuonekana, na dentini ni ya njano. Mteja anarudi kwako kununua kopo jingine kwa sababu meno yameanza kuwa ya njano. Biashara nzuri hiyo.

---

Tabasamu Jeupe Store

Sawa, ila hujajibu la bibi.

---

Mzee wa Usa River

Vijana, nami niulize. Nimezaliwa na kukulia huku chini ya Meru. Meno yangu yana madoa ya kahawia toka utotoni na mengine yamemeguka. Nyumbani tuko hivi wote, hata mjukuu. Hiyo ndiyo tindikali mnayoisema?

---

DaktariWaKiti

Shikamoo mzee wangu.

Hapana, hilo ni jambo tofauti kabisa, na nashukuru umeliuliza kwa sababu watu wa Arusha, Manyara na sehemu za Kilimanjaro huja kwetu wakidhani walikosea kupiga mswaki. Yako ni floraidi iliyozidi kwenye maji wakati meno yanajengwa. Ukanda wa Bonde la Ufa na milima ya volkano una maji ya namna hiyo, hata ndugu zetu wa Nakuru kule Kenya wanayo. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Sisi kwa miaka mingi tuliruhusu hadi 4 kwa kuwa maji mengine hayakuwepo. Mtoto akinywa maji hayo katika miaka minane ya kwanza hivi, enameli inatoka na vitundu vidogo vidogo, inachomoza ikiwa na rangi ya chaki, kisha inashika rangi ya kahawia. Magadi ya kupikia maharage nayo yanaongeza floraidi.

Yako hayakuliwa, yalizaliwa hivyo. Kwa mtu mzima tunaweza kusugua tabaka la juu kitaalamu, kuyapausha, au kuyafunika kwa dawa ya rangi ya jino. Kazi kubwa iko kwa mjukuu, na zaidi kwa kitukuu atakayekuja. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi, maji yanapungua na floraidi inabaki pale pale, kwa hiyo inazidi kukolea. Kinachofanya kazi ni maji ya mvua, au chujio la mkaa wa mifupa kama lile ambalo kituo cha Ngurdoto, huko huko kwenu, kimelifanyia kazi miaka mingi.

Enameli ya namna hiyo ni dhaifu, kwa hiyo soda na ndimu zikiongezeka juu yake, hali inaharibika haraka.

---

kiti_cha_pili_Mwanza

Daktari mwenzangu, uzi mzuri, niongeze na nipinge kidogo.

Kupinga kwanza: tumezoea kuwaambia watu wasubiri nusu saa baada ya kitu kichachu ndipo wapige mswaki. Si vibaya, lakini watu wanaichukua kama kinga. Nusu saa haitoshi kuligandisha tena tabaka lililolainika, mate yanahitaji saa kadhaa. Mimi nawaambia wapige mswaki kabla ya chai, wakishamaliza kula wasukutue tu. Halafu brashi iwe laini. Wengi wananunua ngumu wakiamini ndiyo inayosafisha.

La pili, kuna kipimo rahisi tunachotumia kinaitwa BEWE, kimetolewa 2008. Kinywa kinagawanywa sehemu sita, kila sehemu inapewa alama ya jino lililoharibika zaidi: 0 hakuna kitu, 1 enameli imeanza kupoteza sura, 2 kuna upungufu wa wazi usiofika nusu ya uso wa jino, 3 nusu au zaidi. Jumla haizidi 18. Mgonjwa anayesoma hapa anaweza kumwomba daktari wake amwandikie hiyo namba kwenye faili. Mwakani mkilinganisha mtajua kama mmeizuia au mnadanganyana.

---

DaktariWaKiti

Nakubaliana na la mswaki kabla ya chai. Nami ndivyo nafanya nyumbani.

---

Kitambi_Proo

Sijawahi kunywa soda toka niache chuo. Ndimu sili. Lakini daktari wa meno kaniambia nyuma ya meno ya mbele hakuna enameli. Nilimwona muongo. Ninachokijua tu ni kwamba usiku napata kiungulia nikilala, na asubuhi mdomo mchungu.

---

DaktariWaKiti

Hakuwa muongo. Ametumia meno yako kugundua tumbo lako.

Ukilala mate yanapungua sana na humezi, kwa hiyo tindikali inayopanda usiku inakaa mdomoni bila kusumbuliwa. Kuna watu hawasikii hata kiungulia, wana kikohozi cha usiku tu au sauti ya kukwama asubuhi, na sisi ndio wa kwanza kuona. Nenda kwa daktari wa magonjwa ya ndani ukiwa na maelezo hayo hayo. Chakula cha jioni kisogeze mapema, masaa matatu hivi kabla ya kulala, inua upande wa kichwa wa kitanda kwa tofali (siyo mito miwili, mito inakunja tumbo), na hilo jina lako la humu nalo lishughulikie.

Usije kwangu kujengewa meno kabla hilo halijatulia.

Na hapa niseme kwa anayesoma kimya kimya: kuna wanaojitapisha baada ya kula kwa sababu ya unene. Meno yanaonyesha alama ile ile. Tukiuliza hatuulizi kukusuta. Unaweza kuniandikia faraghani.

---

Bi Shangazi wa Ng'ambo

Nyie wa Bara mwatisha. Mie niko Unguja, juisi ya mabungo na ukwaju ndiyo maisha yetu, na mwezi wa Ramadhani ndo usiseme. Sasa hata mtindi tuache? Nao mchachu.

---

DaktariWaKiti

Bi Shangazi, mtindi kunywa hadi uridhike. PH yake ni kama 4, kwa hesabu ya juu juu ungepaswa kula meno, lakini umejaa kalisi na fosfeti, madini yale yale ya jino. Maji yakishashiba madini hayana nafasi ya kuyayeyusha mengine. Hali hiyo inaelezea pia kwa nini kumaliza mlo mchachu kwa maziwa ni jambo la akili.

Mabungo sikuzuii. Kunywa na futari, siyo jagi kuwekwa karibu na kitanda mpaka daku. Ukitumia mrija, upeleke ndani, upite meno ya mbele. Mrija unaoishia mbele ya meno unayaosha vizuri zaidi.

---

Mtu wa Hesabu

Nimekwenda sehemu nikaambiwa meno manane ya juu yachongwe yote yavishwe kofia. Bei sitaitaja, nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Meno yamelika kweli, nilikuwa mtu wa siki ya tufaha. Kuna njia nyingine?

---

DaktariWaKiti

Sijaona kinywa chako, kwa hiyo usichukue haya kama hukumu juu ya aliyekuona. Nitakueleza mpangilio wa kufikiri.

Jino lililolika limeshapoteza enameli. Kulivisha kofia lazima ulichonge pande zote, yaani unaondoa na ile iliyobaki nzima. Kuna wakati hakuna jinsi. Lakini kwa wengi walio kwenye alama 2 ya BEWE, hata baadhi ya 3, siku hizi tunaanza kwa kuongeza badala ya kupunguza: dawa ya kuzibia ya rangi ya jino inagandishwa juu ya sehemu iliyolika, bila kuchonga au kwa kuchonga kidogo mno. Ikivunjika baada ya miaka, inatengenezwa pale pale ilipovunjika. Kofia ikiharibika ni hadithi nyingine.

Utaambiwa "hakuna nafasi, meno ya juu na ya chini yanagusana". Ni kweli, meno yakilika polepole yanaendelea kusogea kutafutana. Kuna mbinu ya miaka ya 1970 kutoka Norway, ya daktari wa meno Dahl, ambayo inatumika mpaka leo: unajenga meno ya mbele yawe juu kidogo, ya nyuma yanaacha kugusana, halafu kwa miezi kadhaa yale ya nyuma yanachomoza yenyewe na ya mbele yanazama kidogo mpaka yote yanakutana. Wiki za kwanza kula ni kero, utatafuna nyama kwa hasira. Uliza kama daktari wako anaifanya. Kupata maoni ya daktari wa pili kabla ya kuchonga meno manane ni haki yako, hakuna daktari mzima atakayekasirika.

Kabla ya yote hayo: siki umeacha lini?

---

Mtu wa Hesabu

Jumatatu.

---

DaktariWaKiti

Basi tupe miezi kadhaa kwanza. Piga picha za meno yako leo, mwanga wa dirishani, mbele na ndani. Omba upakwe vanishi ya floraidi. Kwa meno kuingia ganzi ukigusa baridi, tafuta dawa ya meno yenye potasiamu naitreti, tumia kila siku bila kuruka, nafuu inakuja baada ya wiki kadhaa, siyo usiku huo huo. Zile zilizoandikwa stannous fluoride, yaani floraidi iliyoungwa na bati, zinakinga dhidi ya tindikali kuliko floraidi ya kawaida kwa sababu bati linaacha utando juu ya jino. Ukimaliza kupiga mswaki tema, usisukutue na maji.

Matangazo ya "dawa inayootesha enameli upya" yaache yapite. Floraidi na mate vinaweza kulifanya tabaka lililolainika liwe gumu tena. Unene ulioondoka haurudi kwa kupaka kitu chochote.

---

Roli la Tunduma

Nimeangalia bomba langu nyuma imeandikwa 1450 ppm. Hiyo ni nzuri au mbaya? Na mtoto wangu wa miaka miwili tunatumia hilo hilo.

---

DaktariWaKiti

Hiyo ppm ni kiwango cha floraidi. 1450 ni nzuri kwa watu wazima, tafuta iwe kati ya 1000 na 1500. Mtoto wa miaka miwili anaweza kutumia hilo hilo, ila kiasi cha punje ya mchele tu, na wewe ndiye umpigie, usimwachie bomba. Akifika mitatu ongeza mpaka punje ya njegere. Enameli ya meno ya utotoni ni nyembamba, karibu nusu ya yetu, kwa hiyo ile juisi ya boksi kwenye chupa ya kunyonyea wakati wa kulala ibadilishwe iwe maji leo hii.